Nukta ya Mkate

Kwa miaka thelathini na minane Lella Bashira Zuwari (Lella kwetu ni Bibi) alisoma vitabu vya watu kabla havijawa vitabu, na jina lake halikuwamo hata katika kimoja. Alikuwa msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji nyuma ya lango la Bab Swika, ghorofa ya juu, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama kamba za nguo za jirani. Mimi nilikuwa chini, kwenye meza ya kujalidi, na gundi yangu na uzi wangu. Nilianza kazi pale nilipomaliza shule ya msingi, na sikuondoka tena. Kila prufu, karatasi ya majaribio kabla ya kuchapa, iliyopanda kwake ilipita mikononi mwangu, na iliposhuka ilipita tena. Kwa hiyo naweza kusema nilimjua, ingawa ukijumlisha mazungumzo yetu ya miaka yote ile huenda yasijaze siku tatu. Mimi si mtu wa maneno, na yeye maneno ya watu yalikuwa yamemchosha.

Alikuwa na namna yake ya kusoma. Alikata kipande cha kadi, akakitoboa mwanya mwembamba wa kutosha mstari mmoja tu, akakilaza juu ya ukurasa. Kisha alianza na mstari wa mwisho, akapanda mmoja mmoja mpaka wa kwanza. Siku moja nilijikaza nikamuuliza kwa nini anasoma kutoka chini.

"Ukisoma hadithi, hadithi inakudanganya," alisema. "Jicho linaona linachotaka kuona. Mimi sina haja na hadithi, Khemais. Nataka herufi."

Kwenye droo yake alikuwa na kitabu cha babu yake, cha zamani sana, karatasi zake zimekuwa rangi ya chai. Alinionyesha ukurasa wa mwisho. Pale chini, baada ya maneno yote kwisha, msahihishaji wa wakati ule alikuwa ameandika jina lake na jina la baba yake, akamwomba msomaji amwombee dua na amsamehe kwa kila kilicholiponyoka jicho lake.

"Umeona? Zamani tulikuwa watu," alisema. "Siku hizi wanamtaja aliyechora jalada, wanamtaja aliyempiga mwandishi picha, hata mke wa mwandishi anashukuriwa kwa kahawa yake. Msahihishaji hayumo. Labda kitabu kilijisahihisha chenyewe."

Alisema hivyo bila uchungu. Alikuwa mtu mwenye raha zake: mrehani wake dirishani, kahawa yenye matone ya maji ya maua ya mchungwa, na mwanawe Zuhair aliyekuwa muuguzi huko Lyon na kumpigia simu kila Ijumaa kulalamikia baridi. Mumewe alishafariki. Lakini kitabu kile cha babu hakukitoa kwenye droo hata siku alipostaafu. Mimi ndiye niliyemkumbusha, akarudi kukichukua.

Mwaka uliofuata ikaja barua. Chama cha watu wa vitabu kilikuwa kinatoa tuzo ya kitabu bora kila mwaka, na kila mwaka watu walinung'unika kwamba majaji wote ni maprofesa, ambao kitabu wanakijua kikiwa tayari rafuni. Basi chama kikaamua kwamba katika viti vitano, kimoja kiwe cha mtu wa kazi, aliyeshika kitabu kingali kibichi. Wakamwita yeye. Haijapata kutokea msahihishaji kuitwa.

Alikuja nayo mpaka kwenye meza yangu. "Soma."

Nikasoma polepole, maana mwandiko ule wa katibu wa chama ulikuwa wa haraka. "Hongera, Lella," nikasema. "Wanakuita uwe jaji."

"Hilo nimeliona. Mstari wa tano je? Ile alama ya hamza imekaa juu ya herufi isiyo kiti chake."

Aliirudisha barua ile ile, hamza imesahihishwa kwa penseli nyekundu, na chini yake ameandika: Nimekubali. Nilisikia katibu alicheka mpaka akaizungusha ofisi nzima. Kisha Lella Bashira akaenda kwa fundi kushona koti jipya la kijivu. Mtu ambaye kwa miaka kumi alivaa koti moja! Hapo nilijua furaha yake ni kubwa kiasi gani.

Kwa kuwa alinitaja kwa chama, nikapata kazi ndogo mimi pia. Vitabu viliingia thelathini na vinne. Nilivivika vyote karatasi ya khaki, jalada lisionekane. Kurasa zenye jina la mwandishi na la mchapishaji nilizifunga kwa ukanda wa karatasi na gundi, kisha nikaandika namba mgongoni. Kwa hiyo jaji alisoma namba tano au namba ishirini na sita, asijue ni ya rafiki yake au ya adui yake. Siku za kikao nilikaa kwenye kona ya ukumbi, na majaji wakitaka kujua kama kitabu kimeshonwa au kimepakwa gundi tu, nilikipasua mgongo mbele yao.

Hesabu yao ilikuwa hivi. Kila kitabu kilisomwa kwanza na majaji wawili, na kila mmoja akatoa alama: kumi za yale yaliyosemwa, tano za lugha, tano za utengenezaji. Vitabu sita vya juu ndivyo vilivyobaki. Kwenye kikao cha kwanza, jaji aliyesoma kitabu alikitetea kwa kuwasomea wenzake ukurasa mmoja. Baada ya hapo wote walichukua vile sita nyumbani kwa wiki tatu, wakarudi kupiga kura.

Mwenyekiti alikuwa Daktari Tijani, profesa mstaafu, mrefu, asiyevua chechia, kofia yake nyekundu ya sufu, hata ndani ya nyumba. Kulikuwa na Si Hsuna (Si kwetu ni Bwana) muuza vitabu, mnene, ambaye sauti yake ilifika mtaani kabla yake. Lella Wasila alikuwa mkaguzi wa shule, na daftari lake la alama halikutoka mkononi. Wa nne ni Si Makki, mkuu wa maktaba huko Sfax, mtu mkavu, aliyekuja kwa treni na chakula chake kwenye kitambaa.

"Si Makki," alisema Si Hsuna asubuhi ya kikao cha kwanza, "chama kinalipia chakula cha mchana. Hicho ulichobeba kitaona wivu."

"Hiki nitakila jioni kwenye treni."

"Jamani watu wa Sfax! Hata njaa mnaiwekea akiba."

"Akiba ndiyo iliyonunua duka ambalo baba yako aliuza kwa baba yangu," alisema Si Makki bila kucheka, na Si Hsuna ndiye aliyecheka kuliko wote.

Lella Bashira alikuwa amekaa mwisho wa meza, koti la kijivu, penseli na kadi yake mbele yake. Kitini kwake kulikuwa na mto wa bluu. Nilimwona akiugusa kwa kiganja kabla ya kukaa.

Ikafika zamu ya Daktari Tijani. Alishika namba kumi na saba. Alisema ni kumbukumbu za mtu aliyekulia mtaa wa Halfawin zamani, baba amekwenda Ufaransa kujenga barabara, mama amebaki na watoto wanne. "Sikilizeni sentensi hii," alisema, akasoma:

"'Mama alisimama dirishani kila adhuhuri akisubiri habari. Ilipochelewa, tulikaa mezani kimya, tukitazama sahani.'"

Akavua miwani. "Nimesoma vitabu miaka hamsini," alisema. "Mwanamke, dirisha, habari ya mume. Hakuna neno la ziada. Nilipofika hapa nililia, sioni haya kusema."

"Hata mimi imenichoma," alisema Si Hsuna, akajipiga kifua.

"Posta haiji adhuhuri," alisema Si Makki.

Wote wakamgeukia.

"Posta inakuja asubuhi. Saa tatu, saa nne. Anasubiri habari gani adhuhuri? Na kwa nini wanatazama sahani? Mtu huyu anapamba, Daktari. Mimi mtu anayepamba simwamini."

"Wewe Makki huna moyo, una kabati la faili!" alipaza sauti Si Hsuna.

Katika kelele ile penseli ya Lella Bashira ilianguka sakafuni, ikabiringika mpaka kwenye miguu yangu. Nilipomrudishia niliuona uso wake. Ulikuwa umepoa, kama wa mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe chumba cha pili.

"Daktari," alisema, "niazime ukurasa huo."

Akalaza kadi juu ya mstari. Akaangalia muda mrefu. Kisha akarudisha kitabu, akasema, "Ahsante," na kikao kikaenda kupumzika.

Alinifuata kwenye ujia, karibu na birika la kahawa. Alisimama kando yangu kama anayengoja kikombe.

"Kitabu kile nilikisahihisha mimi," alisema.

Nikashangaa. Akanieleza. Ilikuwa miaka minne nyuma, kazi ya nje, aliyoletewa nyumbani na mchapishaji mwingine. Wakati ule mswada haukuwa na jina. Halafu kikalala, kama vitabu vinavyolala kwa wachapishaji wetu, mithili ya zeituni kwenye maji ya chumvi, na yeye akasahau. Hakikuwa kwenye fungu lake la kusoma mwaka huu, na mimi ndiye niliyekivika khaki.

"Na sentensi ile ina kosa," alisema. "Si habari, Khemais. Ni mkate."

Hapo hakuhitaji kunieleza. Kwa maandishi yetu ya Kiarabu, mkate na habari ni herufi zile zile tatu. Mkate una nukta moja zaidi, juu ya herufi ya mwisho. Nukta ikidondoka, mkate unakuwa habari, na hakuna anayejua, maana habari nayo inasubiriwa dirishani.

"Nakumbuka mswada wake," aliendelea. "Aliandika mkate, kwa mkono wake. Mpanga herufi akadondosha nukta, na mimi nikaipitisha. Unajua ilikuwa wiki gani? Zuhair amelazwa Lyon, pafu limejaa maji, siku tisa simu haijalia. Wiki ile sikuanza chini. Nilisoma kutoka juu kwenda chini, kama watu. Nikafika kwenye mama anayesubiri habari, na mimi mwenyewe nimekaa dirishani nasubiri habari. Nitaonaje kwamba ni kosa?"

Zuhair alipona, hilo nilikuwa nalijua. Sasa ana mabinti wawili. Nilimimina kahawa, nikamwaga nusu.

"Nani mwingine anajua, Lella?"

"Mungu. Na wewe sasa."

"Basi..." nikasema, nikakwama.

"Basi nini? Maliza, Khemais, mara moja katika maisha yako."

"Kiti kile umekisubiri muda mrefu."

Alinitazama, akatabasamu kidogo. "Ndiyo. Na ni kiti kizuri, kina mto." Akanywa kahawa yote, akaniachia kikombe. "Kiti hakinitishi. Kinachonitisha ni yule mwandishi. Kitabu chake ni kizuri, umesikia. Kikianguka kwa sababu ya nukta yangu, sitashika tena penseli. Hata orodha ya soko nitamwachia jirani aandike."

Akaingia. Nikarudi kwenye kona yangu. Alisimama nyuma ya kiti chake, mkono juu ya mgongo wa kiti, akawaambia yote kwa sentensi nne au tano: kazi ilikuwa yake, neno ni mkate, kosa lilipita mbele ya macho yake, na yeye hawezi kuhukumu alichokigusa.

Kisha Si Hsuna akapiga meza. "Bashira! Jina lenyewe ni la mleta habari njema! Tungetarajia nini? Wenzake wanaleta mkate, yeye kaleta habari!"

Kicheko kikazuka, na Lella Bashira mwenyewe akacheka. Daktari Tijani tu ndiye hakucheka. Masikio yake yalifanana na chechia yake.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "mimi nimelilia mkate."

"Mkate unalilika, Daktari," alisema Si Hsuna. "Njoo mtaani kwetu siku tanuri limefungwa."

Lella Wasila alikuwa ameshafungua kitabu cha kanuni. "Jaji mwenye mkono wake ndani ya kitabu anaondoka kwenye meza," alisoma. "Samahani, Lella Bashira. Na kosa lililothibitishwa, nusu alama kwenye lugha."

"Kata," alisema Lella Bashira. "Ni haki."

Akachukua penseli, akachukua kadi, akaunyoosha ule mto pale alipoubonyeza. Alipofika mlangoni, Si Makki, yule mtu mkavu, alisimama. Wengine wakafuata mmoja mmoja mpaka mlango ulipofungwa.

Wiki tatu zilipita. Nilimwona mara moja sokoni, akichagua maharage mabichi. Hakuniuliza kitu na mimi sikumwambia kitu, maana sikuwa na la kumwambia. Alinipa salamu za Zuhair. Alipogeuka niligundua kwamba karatasi yake ya manunuzi ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mwingine, wa jirani. Sikuupenda mwandiko ule.

Kikao cha pili kilikuwa cha watu wanne. Walisemezana asubuhi nzima. Vitabu vinne vilianguka kabla ya chakula, na viwili vikabaki: namba kumi na saba, na namba tano, kitabu kikubwa juu ya visima na mifereji ya Kairawan, chenye ramani za kukunja. Nilikipasua mgongo: uzi wa kitani, mishono imara. Lella Wasila alisema amekisoma mara mbili na hakupata kosa hata moja, na kwamba katika miaka ishirini ya ukaguzi hajapata kusema maneno hayo.

Daktari Tijani akavua chechia, akaiweka juu chini katikati ya meza. Kila mmoja akakunja kikaratasi, akadumbukiza. Nikaombwa nihesabu. Viwili vya namba tano, viwili vya kumi na saba.

Hakukuwa na siri. Lella Wasila na Si Makki walitaka visima. Daktari na Si Hsuna walimtaka mama wa Halfawin.

"Kanuni iko wazi," alisema Lella Wasila. "Kura zikilingana, ya mwenyekiti inahesabiwa mara mbili."

"Sitaki," alisema Daktari Tijani.

"Hutaki nini, Daktari? Umeshashinda!"

"Nimependa sentensi ambayo mwandishi hakuiandika, Hsuna. Nimeililia mbele ya watu. Jicho kama hilo unalipa kura mbili? Hata moja ni nyingi."

"Sasa mtu akimwoa mke kwa kudhani anaitwa Zuhra, kumbe anaitwa Zahra, amwache?"

"Wewe nyamaza kidogo." Daktari alikigeuza kitabu mkononi. "Hakuna kati yetu aliyekisoma kama kilivyoandikwa. Tumesoma na shimo lake. Khemais, wewe una mkono mwepesi. Njoo uitie sentensi nukta yake."

Nilikwenda. Sikuwa na kalamu nyembamba ya kutosha, nikatumia sindano yangu ya kushonea, nikaichovya kwenye wino wa katibu. Wote waliinama kutazama. Nukta ilikaa mahali pake, ndogo, duara. Nikaipuliza ikauka.

Daktari akasoma, safari hii bila mbwembwe:

"'Mama alisimama dirishani kila adhuhuri akisubiri mkate. Ulipochelewa, tulikaa mezani kimya, tukitazama sahani.'"

Hakuna aliyelia. Si Hsuna alikuna kidevu. Lella Wasila aliandika kitu kwenye daftari.

"Adhuhuri," alisema Si Makki.

"Tunajua, tunajua, posta haiji," alisema Si Hsuna.

"Tanuri la mtaa." Si Makki alikuwa akiitazama meza. "Unga wako unaupeleka asubuhi, mkate unarudi adhuhuri. Kama tanuri limejaa, unachelewa. Hamuwezi kula mchuzi bila mkate, kwa hiyo mnakaa. Mama yangu alikuwa hasemi neno. Na sisi tulikuwa tunatazama sahani." Akainua macho. "Nilisema mtu huyu anapamba. Hapambi. Anasema kweli kabisa, na mimi nilimwita muongo kwa nukta ambayo si yake. Khemais, nirudishie karatasi yangu."

Nikampa. Akafuta tano, akaandika kumi na saba, akaikunja vile vile ilivyokuwa imekunjwa.

"Mimi sibadilishi," alisema Lella Wasila. "Visima havina kosa. Lakini sitakasirika." Na nusu alama aliikata, iko kwenye kumbukumbu za chama mpaka leo.

Waliponiruhusu ilikuwa saa tisa alasiri. Katibu aliniomba nisimwambie mtu mpaka siku ya kutangaza. Nilimuuliza kama naruhusiwa kumwambia mmoja. Aliniangalia, akaangalia kiti chenye mto wa bluu, akasema hakusikia swali.

Njiani nilipita kwa mama anayeuza mkate wa tabuna, ukitoka tu ukutani mwa tanuri la udongo. Sikuwa nimepanga. Nilinunua miwili, nikaikumbatia kifuani ikiniunguza. Lella Bashira alikuwa juu dirishani kwake, akimwagilia mrehani wake maji mengi kuliko mrehani unavyohitaji.

"Khemais! Umeleta nini?"

"Mkate," nikasema.

Akangoja.

"Na habari," nikasema. "Kimeshinda."

Birika la maji lilibaki limeinama mpaka likaisha lote, likanimwagikia begani. Kisha akashuka kunifungulia. Tulikula mkate ule na mafuta ya zeituni na harisa yetu ya pilipili, na nikamsimulia kila kitu, Si Makki na tanuri, Daktari na masikio yake, sindano na wino. Nadhani siku ile peke yake nilitimiza zile siku tatu. Alipoinuka kuosha sahani alichukua penseli kutoka juu ya friji, akaandika kwenye karatasi: sabuni, kahawa, vitunguu. Akaitia mfukoni.

Siku ya tuzo nilikata ule ukanda mbele ya watu, na jina likatoka: Mabruk Ayari, mstaafu wa reli, mtu mfupi aliyekaa safu ya nyuma karibu na mlango kama mimi ningekaa. Baada ya makofi Lella Bashira alimwendea akamwomba radhi.

"Lile?" alisema Si Mabruk. "Nililiona siku ya kwanza, dada yangu. Niliona haya kuwasumbua, nikafikiri watu wa vitabu wanajua zaidi. Halafu, ukweli ni kwamba baba alikuwa Ufaransa. Dirisha lilikuwa moja tu. Mama alisubiria vyote hapo."

"Hata hivyo uliandika mkate."

"Niliandika mkate."

"Basi uwe mkate."

Lella Bashira alitaka karatasi ya masahihisho itiwe katika kila nakala ambayo haijauzwa, kama ilivyokuwa desturi zamani. Mchapishaji alikunja uso: kitabu kimeshinda, halafu tutangaze kosa? Si Mabruk, kwa sauti ya chini sana, alisema, "Itie." Ikatiwa.

Kazi nilipewa mimi. Kwenye kiwanda chetu kuna mashine ndogo ya mkono ambayo hakuna anayeigusa ila kwa kadi za harusi. Nilipanga herufi mwenyewe, moja moja, kama Lella Bashira alivyoniandikia: Ukurasa wa 61, mstari wa 9, palipochapwa habari, sahihi ni mkate. Kosa ni la msahihishaji, Bashira Zuwari. Asomaye amwombee na amsamehe.

Nikapiga prufu moja, nikampelekea. Alilaza kadi yake juu ya karatasi ile ndogo, akaanza na mstari wa mwisho. Akapanda mmoja. Akasimama. Penseli nyekundu ikashuka, ikazungusha duara.

"Khemais."

"Naam, Lella."

"Miaka thelathini na minane nimesubiri jina langu lichapwe. Na wewe unanipunguzia nukta."

Niliangalia. Ni kweli. Jina lake la kwanza, kwa maandishi yetu, lina nukta nane, na mimi nilikuwa nimetia saba. Nilitamani sakafu inimeze. Lakini alikuwa ameanza kucheka, akacheka mpaka akashika meza, akatafuta kiti akakaa, machozi yakimtoka, akifuta kwa mkono wa koti la kijivu.

Nilirudi nikapanga upya, nikachapa karatasi mia nne, nikazibandika moja moja mbele ya ukurasa wa kwanza, gundi kidogo tu pembeni ili zisikunje kitabu. Nilimpelekea moja iliyo safi kwa ajili yake. Alinishukuru, akampa jirani. Ile prufu yangu yenye duara jekundu ndiyo aliyoitia kwenye kitabu cha babu yake, ukurasa wa mwisho kabisa, chini ya jina la yule msahihishaji wa zamani.